Vitabu Ulivyompa Mama wa Mandazi

Kakuma,
Jumapili mchana

Baba,

Ejok. Nakuamkia kwa heshima zote nilizoweza kuzikusanya leo. Si nyingi, lakini zilizopo ni zako zote. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha vumbi kimemwacha? Mbuzi walioko kwa mjomba kule Lorugum wamepata majani, au bado wanatafuna maboksi? Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku ni lile lile, na laga, ule mto wa msimu, imekauka mpaka watoto wameweka magoli ya mpira katikati yake.

Nimeandika kwa sababu ya simu. Kila nikifika kwenye neno vitabu, mtandao wa Lodwar unapotea. Nikiuliza habari za kwaya, unarudi. Basi nikaona niweke kwenye karatasi, maana najua karatasi yenye jina lako huwezi kuiacha kabla hujafika mwisho, hata ikiwa ni tangazo la dawa ya kunguni. Anakuletea Ekal, yule dereva wa pikapu anayeleta bidhaa huku kutoka Lodwar.

Kazi ya saluni inakwenda kwa kuchechemea. Mgao wa chakula cha wakimbizi ukipungua kambini, nywele ndizo za kwanza kuambiwa zisubiri. Hata hivyo wanakuja. Na unajua rasta huchukua kutwa nzima: mteja ameketi kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, hana pa kwenda. Ndivyo kusoma kulivyoanza. Furaha, mteja wangu Mkongo, alipopata safari ya kwenda kuishi ng'ambo, aliniachia gunia la riwaya alizokuwa amekusanya. Zote za vijana, zote za majoka na wafalme na wasichana wenye nguvu mikononi. Tangu siku hiyo mteja anasoma kwa sauti, mimi nasuka. Wewe mwenyewe unajua niliachia shule darasa la saba. Kiingereza changu chote kimetoka kwenye midomo ya watu niliowashika nywele.

Tulipolimaliza gunia nikavipanga vitabu kwenye katoni, nikamtumia mdogo wangu Asinyen asome shule zikifungwa. Yeye yuko kidato cha pili, mimi nilikuwa wapi katika umri wake, tuyaache hayo.

Wiki iliyopita Ekal aliniletea zawadi, mandazi ya Lodwar. Nikafungua karatasi. Nikaona maneno ninayoyajua, na pembeni alama ya kidole changu, ya mafuta ya nywele.

"Ekal, haya mandazi umenunua wapi?"

"Kwa yule mama aliye karibu na kanisa lenu."

"Na karatasi ameitoa wapi?"

"Dada, mimi nilinunua mandazi, sikununua karatasi." Halafu akaniuliza, "Lakini yule mtoto wa mfalme alitoka kwenye lile shimo? Sisi pale stendi tumepata kurasa za kuingia tu. Za kutoka labda walipewa watu wa boda."

Nikampigia Asinyen, akaniambia yaliyobaki. Kwamba uliona joka kwenye jalada. Kwamba ulisema ni uchawi, ukaibeba katoni mwenyewe, na goti hilo, ukampa mama wa mandazi afungie biashara yake. Na kwamba umemkataza asije kwangu likizo hii, kwa sababu Kakuma ndiko uchawi unakotoka. Anasema tangu siku hiyo anakujibu ndiyo na hapana, basi.

Baba, nimekasirika. Nimesuka watu watatu nikiwa na hasira, na mmoja amelalamika kwamba kichwa kinamuuma. Lakini sitaki ukasirikiwe kwa sababu isiyo yako, kwa hiyo nitaeleza.

Vingi vya vitabu vile, ungeniuliza, ningekuchagulia mimi mwenyewe vya kwenda kwenye mandazi. Kuna mfululizo mmoja wa vitabu vitano, hadithi yake iliisha katika cha kwanza. Vile vinne vingine ni kama mgeni aliyeaga, akasimama mlangoni, akaanza kueleza habari za ng'ombe wake. Ndani yake kuna mwanamume mzuri wa miaka mia tano. Anaenda kuketi darasani na wasichana wa miaka kumi na saba, amemchagua mmoja, anamwangalia akilala. Wateja wangu wote wanashusha pumzi hapo. Mimi nauliza, mzee wa miaka mia tano anatafuta nini shuleni? Hajamwona baba wa binti. Hajaleta hata mbuzi mmoja. Hapa kambini angeitwa mbele ya wazee wa mtaa kabla chai haijachemka.

Kingine kinasema habari za jangwa. Binti analivuka juu ya farasi, amevaa joho jeusi zito, anawaza mapenzi. Sura nzima yule farasi hajanywa maji. Nilimwambia aliyekuwa akisoma arudi nyuma, huenda ameruka ukurasa. Hakuwa ameruka. Mtu aliyeandika hayo hajawahi kutembea hata kutoka Lodwar mpaka Eliye kando ya ziwa.

Halafu utabiri. Kila kitabu lazima kiwe na utabiri. Mzee mwenye ndevu anafungua gombo, anasoma kwamba binti fulani ndiye atakayeliangusha giza, na watu wote wanainamisha vichwa. Hakuna anayeuliza swali. Kwetu mwaguzi akirusha viatu vyake vya kupigia ramli vikaanguka vibaya, unamshukuru, unavuka laga, unakwenda kwa mwaguzi mwingine.

Na hapo ndipo nimekushika, Baba. Nani aliyetuambia habari za babu yako kule Lokiriama, aliyerusha viatu akawaona maadui kabla hawajavuka mpaka, mifugo ikahamishwa, wakaja wakakuta majivu ya baridi? Ulitusimulia hayo mpaka uji ukapoa, na ulikuwa mzee wa kanisa tayari. Hakuna aliyekuja kuuchukua mdomo wako akaupeleka kwa mama wa mandazi. Nisamehe kwa neno hilo, lakini silifuti.

Tena usidhani tunavisoma tukiwa tumepumbaa. Nyandeng, msichana wa Sudan Kusini ambaye nilimsuka juzi, alifika mahali ambapo binti mfalme anafukuzwa kwao, anakimbilia msituni akiwa na homa. Akakifunga kitabu.

"Dada Akai, hawa wanaokimbia kwenye hivi vitabu, wote ni watoto wa wafalme?"

"Karibu wote."

"Na wanaowabebea mizigo?"

"Hawatajwi majina."

"Mimi nilikimbia na sufuria," akasema. "Mpaka leo hakuna mtu ameniuliza kama niliacha taji nyumbani."

Mkongo mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake akaingilia, "Miye nasema huyu mwandishi hakimbiaka hata siku moja." Tukacheka. Kisha Nyandeng akakifungua tena, akaendelea, kwa sababu alitaka kujua kama homa ya yule binti itashuka. Ndivyo tunavyosoma, Baba. Tunagombana nacho na hatukiachi. Asinyen naye ni hivyo hivyo. Alinitumia ujumbe mrefu kunieleza kwamba malkia wa kitabu cha pili ni mjinga na sababu zake zote. Mtoto anayeweza kumkosoa malkia namna hiyo, wewe unaogopa atadanganywa na joka la rangi?

Lakini linalonichoma kuliko yote sijalisema.

Katika vitabu vile baba hufa mapema. Hadithi haijachangamka, yeye ameshauawa, au amepotea vitani, au amemezwa. Mwanzoni nilidhani waandishi hawa hawakupatana na baba zao. Baadaye nikaelewa ni uvivu. Baba akiwa hai, binti akishika upanga ataulizwa unakwenda wapi, na nani, umekula? Kumjibu ni kazi. Ni rahisi kumzika. Nilipekua gunia zima nikitafuta kitabu kimoja ambacho baba anabaki hai na bado binti anapata hadithi yake.

Nilikipata kimoja. Chembamba, jalada la kijani. Msichana analinda kisima, na ndani ya kisima kuna mnyama anayezungumza. Kitabu kizima ni mabishano yao wawili. Baba yake yupo. Ni mkali, haamini kwamba mnyama anasema, anadhani binti ana homa. Lakini kila jioni anabeba kigoda chake, anaketi ukingoni mwa kisima, anauliza, "Haya, leo amesema nini?" Haamini, na anauliza. Nilikisoma mwenyewe mara mbili, polepole, bila kusomewa na mteja. Nilikiweka juu kabisa kwenye katoni, na nikamwambia Asinyen akusomee wewe kwanza.

Kwa kuwa kilikuwa juu, ndicho mama wa mandazi alichoanza nacho.

Sidai vitabu. Vimeshalowa mafuta na mandazi yake yameliwa. Ninachokudai ni Asinyen. Shule zimefungwa, mruhusu aje. Na kama unaogopa atakachosoma kwangu, njoo naye. Utakaa kwenye benchi la wateja, yeye atasoma, wewe utauliza maswali yako yote: huyu ni nani, mbona hana mama, uchawi uko wapi. Mimi mikono yangu itakuwa kwenye kichwa cha mtu, siwezi kukukimbia. Jioni ukisema umeuona uchawi, mchukue mrudi, sitafungua mdomo.

Ila usimwache hapo nyumbani na ukimya wake ukafikiri ni adabu. Mimi nilikaa kimya hivyo mwaka mzima, ukawaambia wazee wenzako kwamba binti yako ametulia. Asubuhi moja Mama akakuta mkeka wangu umekunjwa. Hujawahi kuniuliza kwa nini sikuaga. Nilikuwa nimeaga kila siku, Baba, kwa kukujibu ndiyo.

Msalimie Mama, nimemwekea mafuta ya mgongo kwa Ekal. Msalimie shangazi anayetuchungia nyumba, na mjomba wa Lorugum akifika sokoni. Mwalimu wa kwaya mwambie bado naimba, ila kwa sauti ya pili. Mama wa mandazi usimlaumu, hakujua, na mandazi yalikuwa laini.

Ekal anarudi Kakuma Alhamisi asubuhi. Viti viwili vya mbele nimemwambia asimpe mtu.

Binti yako mkubwa, mwenye hasira na mwenye kukungoja,

Akai