Kesho Asukulu Anatoka

Lweba, Ijumaa

...na mimi na mvi zangu zote, leo nimesema ndiyo mara mbili, kwa watu wawili wanaotaka mambo mawili tofauti.

Mdogo wangu Asukulu anatoka gerezani Fizi kesho. Asubuhi muuguzi wa pale alinieleza polepole, kama mtu anayefundisha mtoto: mwili wake umekaa mwaka mzima bila lutuku, pombe kali ya kwetu, kwa hiyo kiasi alichozoea kunywa zamani sasa kinaweza kumuua. Siku za kwanza asikae penye pombe. Nikasema ndiyo, atalala kwangu.

Kurudi, nikapita mjini Baraka kwa mama, anayepika hiyo lutuku. Amekwisha kuwaalika majirani waje kunywa naye kesho.

"Umulete hapa kwanza," akasema.

"Mama, tumupe hata Fanta."

"Mwanangu atoke gerezani nimupe Fanta kama mutoto wa komunyo? We unaogopa nini?"

Majirani wakacheka, nami nikacheka. Nikasema ndiyo, mama. Shujaa kweli mimi.

Maneno ya muuguzi sikumwambia. Lutuku hiyo ndiyo iliyotusomesha sote, na niliogopa asije akaona kwamba namwita muuaji.

Alfajiri, kabla ya kupanda Fizi, nitamkuta mama akiwa peke yake nimwambie yote. Nitamwomba afunge nyumba aje amngojee Asukulu hapa kwangu, ingawa husema ugali wa mke wangu ni uji.

Akikataa, sijui. Barabara ya kurudi inapita mbele ya mlango wake, na Asukulu atataka kushuka amsalimie mama.