Mafiga ya Zambarau

Jumatatu, 1 Machi 1954
Leo nimeandika vibandiko kumi na vinne vya mifuko ya mawe. Mkono unauma, moyo hapana. Wiki ya tatu tangu ndoa, na bado nikitoka kazini nakimbia kama mtoto aliyeitwa kula. Sifa husimama mlangoni akinicheka. Anasema kambi nzima ya mgodi inatutazama. Watutazame. Mke wangu ni mzuri kuliko kitu chochote kati ya Kashebere na Karuba.

Injenieri alitueleza jiwe letu. Zamani, kabla ya watu, maji ya moto yalipanda kutoka chini ya ardhi, yakaingia katika ufa wa mwamba, yakapoa na kuacha jiwe hili, fluorini, kama chumvi inavyobaki katika chungu. Ufa uliojaa hivyo yeye anauita filon. Mimi, mkalimani wake, nikatafsiri: mushipa. Wachimbaji wakacheka sana, maana kwao mushipa ni ugonjwa wa wanaume. Lakini neno limeshika. Sasa kila mtu anasema mushipa umenenepa, mushipa umekonda.

Jumatano, 3 Machi
Ajabu kubwa. Katika kibanda cha sampuli, madirisha yakiwa yamezibwa, injenieri alipasha moto bamba la chuma, akanyunyizia punje za fluorini. Zikang'aa buluu. Si moto. Mwanga tu, mpole, halafu ukazimika. Ndivyo anavyolitambua jiwe. Akasema: punje ndogo tu, na msikaribie. Nikaandika katika daftari la kazi kama ninavyoandika kila kitu. Nilikuwa namwaza Sifa. Siwezi tena kuona kitu kizuri peke yangu.

Ijumaa, 5 Machi
Mama yangu bado hajafika. Kwetu Karuba mama wa bwana arusi ndiye anayeweka mafiga matatu katika nyumba mpya. Mpaka hapo bibi arusi anapikia kwa jirani. Mvua imemzuia. Sifa amechoka kubeba sufuria kwenda kwa watu, ingawa hasemi.

Nimeweka mimi. Mawe matatu ya fluorini kutoka lundo la mabaki, zambarau na kijani, kila moja kama kichwa cha mbuzi. Papa Matabaro, mchimbaji, jirani yetu, alisimama akayatazama.

"Muntu wa masomo," akasema, "bibi yako atapikia juu ya madirisha ya rangi ya kanisa."

"Wewe uende tu, Papa," Sifa akamjibu. "Mama wa nyumbani kwako akiona hii, atakufukuza uende kumutafutia yake pia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumapili, 7 Machi
Sitaandika vizuri.

Baada ya misa tuliteleka maharagi. Jiwe moja likalia, pa. Sifa akasema, "Mafiga ya masomo inakaanga mahindi." Tukacheka. La pili likalia. Nilikuwa nimeanza kumweleza mwanga wa buluu, kwamba tufunge mlango, labda tutauona. Akainama kufunika sufuria. Jiwe likapasuka.

Jicho la kushoto.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, mikono yote miwili usoni, akaniuliza kama maharagi yamemwagika.

Jumatatu, 8 Machi
Infirmye, muuguzi wa dispanseri ya kambi, ameosha jicho. Ametoa kipande kimoja, kingine amekiacha. Anaogopa. Munganga, daktari hasa, yuko hospitali, mbali, na daraja limechukuliwa na mvua. Kamyo, lori la mizigo, itapita Alhamisi, labda, daraja likirudishwa. Nikauliza nifanye nini. "Umushike mukono," akasema. Nimeushika. Hiyo si kazi. Mkono wake una joto sana.

Papa Matabaro alikuja. Akasema, "Siye wote tulicheka sababu hatukujua. Wewe ulijua."

Hakusema kwa ubaya. Nimefungua daftari la kazi. Maneno yapo, kwa mwandiko wangu mzuri. Punje ndogo tu. Msikaribie.

Jumanne, 9 Machi
Mvua. Kila anayekuja Sifa anamwambia ni kaa la moto lililoruka. Namwacha aseme uongo kwa ajili yangu. Naona haya.

Alhamisi, 11 Machi
Kamyo imefika. Mama yangu alishuka kutoka humo na kikapu cha mawe matatu meusi ya nyumbani kwetu. Aliuona uso wa Sifa. Aliacha kikapu mlangoni, akapanda tena pamoja naye.

Mimi nimekataliwa kwenda. Bila mimi injenieri hana wa kumtafsiria. Niliomba mara mbili.

Wamemkalisha juu ya mifuko ya fluorini. Vibandiko ni vyangu. Mke wangu ameondoka amekalia mwandiko wangu.

Jumapili, 14 Machi
Hakuna habari. Kanisani nilisimama watu walipokaa. Wachimbaji wanasema mushipa unakonda, labda mgodi utafungwa. Wanataka niwaambie injenieri anasema nini. Sijui. Sikumsikiliza.

Jumapili, 21 Machi
Hakuna habari. Kikapu bado kiko mlangoni. Nakiruka nikitoka, nakiruka nikiingia.

Jumatano, 31 Machi
Wamerudi jana. Jicho lipo, halioni.

Asubuhi Mama ameweka mafiga meusi, bila wimbo, bila kuita watu. Yale ya zambarau, yaliyobaki, nilikuwa nimeyatupa mtoni.

Sifa amepika maharagi. Aliniuliza ule mwanga wa buluu ulikuwa namna gani. Nikamweleza, vibaya. Alisikiliza huku anakoroga.

Mahali pangu ni kushoto kwake, karibu na mlango. Alipopakua alishika sahani hewani, akageuza kichwa chote kunitafuta. Nikainuka, nikahamisha kigoda changu upande wa kulia. Akanipa sahani.