Jina Lisilo na Kazi

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mguu wa mama bado unavimba.

Mafundi wa kiwanda cha mikate wanailalamikia lugha yetu ya programu. Kila programu ya tanuri hupokea vitu viwili: joto na unyevu. Tanuri dogo halihitaji unyevu, lakini kompaila, ile inayokagua na kutafsiri programu kwa mashine, inagoma kwa kuwa jina limetajwa na halikutumika. Naomba turuhusu kistari cha chini mbele ya jina, yaani "_unyevu", kumaanisha: najua, silitumii.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe mama pole.

Kistari! Kesho watataka na mto wa kulalia. Jina lisilotumika ni uchafu, na anayeacha uchafu hajui kazi. Lugha nimeibuni mimi. Sitaishusha ifikie vichwa vya waoka mikate. Kompaila igome. Wasioweza wakakande unga.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mama ameanza kutembea.

Waliweza. Waliandika "unyevu = unyevu", mstari usiofanya lolote. Kompaila yako ikaona jina limetumika, ikanyamaza. Kisha wakainakili programu ile kwenye tanuri kubwa, ambalo bila kupima unyevu halioki vizuri. Mstari ule ukaificha kompaila kosa, na mikate ya juzi ikatoka kama matofali. Meneja alinigongea mmoja mezani mbele ya watu: "Hii ndiyo lugha yenu isiyotaka uchafu?" Ametupa hadi Ijumaa, la sivyo anahamia lugha nyingine, na mteja mwingine hatuna.

Nimefungua programu zao. Mstari ule umejaa kila mahali. Huo ukali wako umewafundisha kudanganya, basi. Kanuni naibadilisha leo, utake usitake.

Mdogo wako

10 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Nani kakuruhusu? Umeipaka lugha yangu matope kwa ajili ya mkate! Chukueni hilo toleo lenu la vistari. Mimi nabaki na la asili.

Kaka yako

28 Juni

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mama hajambo?

Nasikia kiwanda kilibaki, na wengine wamewafuata. Hongera kwa kuwabembeleza.

Toleo langu linakwenda vizuri mno. Nalitumia mwenyewe kila siku, na tangu Aprili hakuna aliyelilalamikia hata mara moja.

Hii ni barua ya tatu tangu Mei, na mbili za kwanza hazijajibiwa. Safari hii anwani nimeiandika kwa herufi kubwa, maana posta nao siku hizi ni wazembe tu.

Kaka yako