Mkono Mzuri wa Ba Idder

CHAMA CHA MKONO MZITO, TAROUDANT
Kikao cha Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Lalla Tamou (Mwenyekiti), Ba Idder na mkewe Itto, Bi Widad (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), Haddou (Katibu).
Hakuwepo: Mhazini. Alituma salamu kwamba anaumwa. Alionekana kwa kinyozi.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Katibu anathibitisha kwamba kumbukumbu hizi zote ameziandika kwa mkono wake wa kulia, uleule uliopigwa na kiharusi.
Masahihisho: kwa kulia ni jina la chama tu. Mengine ni kushoto. Mwenyekiti alikuwa anachungulia.

KUMB. NA. 2/ NAFASI YA BA IDDER
Mwenyekiti alieleza kwamba nafasi za mazoezi ni chache, na mkono wa Ba Idder haujasogea tangu Shaabani. Akapendekeza ampishe mwingine. Ba Idder alisema anachotaka ni kula tena sinia moja na wenzake. Mkono wa kushoto hawezi kuutia humo, na nyumbani anawekewa kibakuli chake pembeni, "kama paka."

Bi Widad aliuliza kama ile glavu nene aliyowapa inavaliwa, ili mkono mzuri ufungwe na ule mzito ulazimike kufanya kazi.

"Namvalisha mwenyewe, mwanangu, kutwa nzima!" alijibu Itto, akauinua mkono wa mumewe wenye glavu. Ulikuwa wa kulia.

"Lalla Itto, huo si ndio mgonjwa?"

"Ulisema mkono mzuri. Wa kushoto umeanza lini kuwa mzuri?"

Ba Idder alisema, "Umenitia pingu, mwanamke." Itto alisema bora angemfunga mdomo. Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe.

Iliamuliwa: Ba Idder abaki. Glavu ihamie kushoto. Bi Widad aseme "mzima", asiseme "mzuri".

KUMB. NA. 3/ KUSKUSI
Sinia ya kuskusi, punje za ngano zilizopikwa kwa mvuke, pamoja na dengu na vitunguu, ililetwa. Ba Idder, glavu kushoto, alifinyanga tonge, likamsambaratikia kifuani. La pili vilevile. Itto alishika kijiko amlishe, Bi Widad akamzuia. Ndipo Ba Idder alipobana dengu moja kwa vidole viwili, mkono ukavuka polepole sinia nzima, hadi ikafika mdomoni. Hakuna aliyetafuna. Itto alifuta macho, akasema ni kitunguu. Kitunguu kilikuwa kimeshapikwa.

KUMB. NA. 4/ KUFUNGA
Watu walitawanyika ilipoadhiniwa alasiri.

Mwenyekiti: Lalla Tamou (sahihi)
Katibu: Haddou (sahihi, kushoto)

Nyongeza ya Katibu: Ile dengu ilikuwa upande wangu wa sinia. Namwomba Ba Idder anirudishie Ijumaa ijayo, kwa mkono uleule.