Nilitupa Chakula cha Ate Nenita Kituoni

Bi Bhanu mpendwa,

Nishike mkono kabla mwezi wa tano haujaingia, maana nimeiharibu nyumba yangu mwenyewe na sina wa kumwambia isipokuwa rafiki yangu Gires, ambaye ushauri wake utausoma hapa chini na utaelewa kwa nini nimeona nikuandikie wewe wa gazetini.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, kwetu nilikuwa mwalimu wa hesabu, hapa London ni mlinzi kwenye jengo la ofisi, naishi Walthamstow na mke wangu Luzviminda, Luz kwa kifupi, Mfilipino wa Iloilo anayefanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, pamoja na binti yetu Shekinah wa miaka sita, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa, Wafilipino wa huku kwetu wanakutana kwenye ukumbi wa parokia, wanaimba karaoke mpaka vioo vinatetemeka, watoto wanaruka katikati ya mianzi miwili inayogonganishwa sakafuni, kina mama wanacheza kwa mistari, na chakula, Bi Bhanu, ni cha kulisha jeshi, kuna nyama iliyopikwa kwa siki, kuna sambusa zao nyembamba kama kidole, kuna tambi wanazoziita pansit. Anayesimamia yote ni Ate Nenita. Ate kwao ni dada mkubwa, na wote wanamwita hivyo, hata wenye mvi. Ndiye aliyempokea Luz uwanja wa ndege mwaka 2000, ndiye aliyemshonea gauni la harusi, na mama yake Luz alipofariki kule Iloilo na Luz akakosa ruhusa ya kazini ya kwenda kuzika, Ate Nenita alikuja na wenzake jioni tisa mfululizo wakasali na kupika nyumbani kwetu, kama matanga ya Bukavu kabisa, mpaka mimi nikakosa pa kukaa.

Sasa wana desturi moja, kwamba hakuna mgeni anayeondoka mikono mitupu. Ukishika koti tu, Ate Nenita anakukamata mkono, anakufungia chakula kwenye karatasi ya foili, anakisukumia kifuani kwako, ukikataa anaongeza. Luz hutoka pale moja kwa moja kwenda kwenye zamu, kwa hiyo mwenye kubeba ni mimi. Na mimi, kwa miaka miwili, kila nilipofika kituo cha basi niliitupa foili ile kwenye pipa, kisha nikavuka barabara nikamnunulia mtoto kuku na chipsi na kumwambia hiyo ni siri yetu.

Usinicheke, nitakueleza sababu, na hili hata Luz halijui. Nilipofika nchi hii niliomba hifadhi, nikawa nasimama foleni Croydon kwenye ofisi za uhamiaji, kazi siruhusiwi, chakula nanunua kwa vocha, na siku moja dukani msichana wa kaunta aliinua vocha yangu juu akamwita mkubwa wake kwa sauti, foleni nzima ikageuka kunitazama, mimi ambaye nilikuwa nikiingia darasani watoto sitini wananyamaza. Vocha zisipotosha nilikwenda kwenye ukumbi mmoja ambako tuligawiwa wali uliofungwa kwenye foili, na yule bwana wa kugawa hakututazama usoni hata mara moja, alikuwa akisema "next" tu. Wali ule nilikwenda kuulia nyuma ya jengo, nimesimama, nimegeukia ukuta. Tangu hapo, nikipewa foili mkononi ni kama niko mbele ya ukuta ule tena. Luz alinikuta nikiwa tayari na sare na tai, na sikutaka ajue kama kulikuwa na mtu mwingine kabla ya huyo.

Basi Jumapili iliyopita Ate Nenita alikuwa anatimiza miaka sitini na tano. Kwao tambi za siku ya kuzaliwa hazikatwi, urefu wake ndio wa maisha ya mwenye siku, na alitaka kila mtu apeleke kidogo nyumbani. Shekinah akamwendea, akauchukua mkono wake akauweka kwenye paji la uso wake, ndiyo heshima yao kwa wakubwa, na Ate alipoanza kumfungia, mtoto wangu akamwambia kwa upole wote, kwa Kiingereza chake, mbele ya meza nzima, "Bibi, usijisumbue, baba huwa anakitupa kwenye pipa halafu tunakula kuku."

Karaoke iliendelea, lakini naapa sikuisikia. Ate Nenita aliifungua ile foili, akazirudisha tambi kwenye sinia, akazilaza vizuri kwa uma. Afadhali angenitukana.

Luz hakupiga kelele. Mwezi wa tano huwa wana maandamano ya maua kwa heshima ya Bikira Maria, na Shekinah alikuwa amechaguliwa kuvaa nyeupe na mabawa na kumwaga maua mbele, kama Luz alivyofanya kwao alipokuwa mdogo. Gauni lilikuwa limekwisha kushonwa. Kesho yake Luz aliyakunja mabawa akayarudisha ukumbini, akasema hawezi kumtembeza mtoto wetu mbele ya watu wale. Nikamwambia, "Luz, lakini ni chakula tu." Akanijibu kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, "Hapana, Kizito. Ulitupa mimi."

Sasa ameomba zamu ya mchana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi ili asiende tena ukumbini. Alikuwa mtu wa kuimba akipika, sasa haimbi. Na Shekinah ananiuliza kama mabawa yamerudishwa kwa sababu yeye alisema ovyo. Gires ananiambia, "We Kizito, peleka mashini ya karaoke ya mupya, batasahau byote." Je, ninunue hiyo mashine? Ninyamaze mpaka wasahau? Nikimwambia Luz habari ya vocha, hataniona mdogo? Nisaidie, maana mke wangu yuko ndani ya nyumba na nimemkosa.

Kizito, Walthamstow

*

Mwanangu Kizito,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitamani nikupige kibao. Mara ya pili nikaenda kuchemsha chai, na nimerudi nikiwa na huruma zaidi.

Mimi nilitua nchi hii mwaka wa sabini na mbili, tulipofukuzwa Uganda, na sari ya pamba mwilini wakati baridi imeanza. Kambini walinipa koti la kijivu la mwanamke nisiyemjua, leso yake ikiwa bado imo mfukoni. Nililivaa miaka mitatu. Siku nilipopata langu nililikata vipande, nikapigia deki, na nilifurahi kweli. Kwa hiyo usidhani sikuelewi. Lakini ngoja nimalize. Miaka kadhaa baadaye wifi yangu Sudha alinivulia shali yake begani, nzuri, ya sufu, nami nikaikunja palepale nikamrudishia, nikamwambia ninazo zangu. Sudha hakunisemesha mwaka mzima, na ilikuwa haki yake. Yeye hakuwa mtu wa kambini. Koti lile alikuwa halijui hata rangi.

Sasa zamu yako. Wewe ni mwalimu wa hesabu, umeshindwaje kuona kitu kidogo hivi? Yule bwana wa "next" hakukutazama usoni. Ate Nenita anakushika mkono, na ukikataa anakuongezea. Umekaa ukumbini miaka miwili, hukuona kwamba hata wenye magari yao wanatoka na foili? Chakula ulichokataa ni kilekile ulichotoka kukila mezani. Zile jioni tisa za msiba ulikula bila shida, maana hakuna aliyekifunga. Na ulichokwenda kununua badala yake ni kuku wa mafuta ya jana! Hapo hata mimi niliyekuonea huruma ilibidi nikachekee jikoni.

Ila kuna jambo halichekeshi, nalo ni mtoto. Ulimbebesha siri ya mtu mzima kwa bei ya chipsi, na sasa anadhani yeye ndiye aliyekosa. Weka gazeti hili chini, nenda kamwambie kwamba alisema kweli na baba ndiye aliyefanya vibaya. Leo, kabla hajalala. Mengine yatasubiri, hilo halisubiri.

Kisha Luz. Mwambie yote, foleni ya Croydon, msichana wa kaunta, ukuta. Anza na samahani ndipo ufuate na habari, kwa sababu ukianza na habari itaonekana unajitetea. Unauliza kama atakuona mdogo. Mwanangu, mke wako kila siku anawaosha na kuwavalisha watu wazima wanaoona haya mpaka wanalia. Haya yako ndiyo itamshinda? Kinachomuuma ni kwamba alikupeleka kwa ndugu zake, watu waliomlilia mama yake kama mama yao, akadhani umewapokea. Hajui kwamba ulikuwa unapigana na mtu mwingine kabisa. Mpe nafasi ajue. Na akikasirika kwanza, mwache akasirike, usimwambie tena "ni chakula tu" maisha yako yote.

Ya tatu ni Ate Nenita, na hapa nisikilize vizuri. Mashine ya karaoke usithubutu! Mwambie Gires akajinunulie yake. Ukimpelekea mama yule kitu kikubwa, utakuwa umemwambia kwamba bado hutaki kupokea kwake, unataka kutoa tu na kumaliza. Nenda Jumamosi mchana, na Shekinah, na Luz kama atapenda. Beba bakuli tupu lenye mfuniko. Akifungua mlango, fanya anachofanya binti yako, uchukue mkono wake uuweke kwenye paji la uso wako. Sisi Wahindi tunagusa miguu, Watanzania wanasema shikamoo, hakuna aliyewahi kupungukiwa. Mwambie kwa kinywa chako ulichokifanya na sababu yake, kwa ufupi, halafu umwombe chakula. Najua kuomba ndiko kutakakokuuma, na ndiyo maana nakutuma ukaombe.

Kuhusu mabawa, usiyataje. Nimekaa na wanawake wa kamati miaka thelathini, wa hekaluni na wa shuleni, na ninavyowajua, mtoto wa miaka sita hawamnyang'anyi mabawa kwa kosa la baba yake. Naona kama yamo kabatini kwa Ate Nenita, hajampa mtu. Mwache ayatoe mwenyewe.

Na Jumapili ya mkutano unaofuata, pika sufuria kubwa ya sombe, kisamvu cha kwenu, ukanunue na foili yako, usimame mlangoni uwafungie wote. Atakayekwambia "hapana, asante," utajua jinsi inavyokaa kifuani, na utamwongezea.

Lakini siku ile Ate Nenita atakapokujazia bakuli, usingoje kufika nyumbani. Pitieni kile kituo chenu cha basi cha karibu na ukumbi, kaa kwenye benchi, karibu na lile pipa lako, ufungue, umpe mtoto naye ale. Usile umesimama. Kula umekaa, uso wako barabarani, mpaka basi lije.

Bi Bhanu