Papa, Hukusikilizwa

Papa,

Jumapili iliyopita ulitimia mwaka tangu tukuzike. Maman yuko mzima. Bado tunakaa apartema ileile ya Anderlecht, na viatu vyako vya kazi hajakubali viondoke mlangoni. Mimi nimemaliza masomo ya sheria. Kuna jambo ambalo limenizuia kukuandikia mpaka leo.

Unakumbuka mwezi ule wa mtihani wa katiba ya Amerika? Wewe uliyekuwa mwalimu wa uraia kule Bukavu kabla ya vita, kisha hapa Brussels ukawa mlinzi wa jengo la ofisi kule Schuman, ulikuwa ukirudi kutoka kazini unakuja moja kwa moja jikoni nilikosomea. "Leo Baamerika banasema nini?" Nilikueleza mamlaka yao matatu: wanaotunga sheria, wanaoitekeleza, wanaohukumu, kila mmoja na wa kumzuia. Nikakwambia majaji wanaweza kuitupa sheria ya bunge ikipingana na katiba. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Juge anamwambia président hapana, kisha anaenda kulala kwake? Mutoto yangu, hao batu beko na bahati."

Siku nyingine nikakusomea kwamba serikali haiwezi kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila utaratibu wa haki: aambiwe kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea. Siku hiyo hukucheka. "Hiyo njo sheria yenyewe," ulisema. "Ingine yote ni mapambo."

Wiki ileile ukapata barua ya kufukuzwa. Mlango wa nyuma ulikutwa wazi kwenye zamu yako, na kampuni ikaandika kuwa ni uzembe. Uliiweka barua juu ya daftari langu. "Soma, mama," ulisema. Uliniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yako. "Habakuniuliza hata neno moja. Bon, ile sheria ya kusikilizwa, haiwezi kunisaidia?"

Mtihani ulikuwa keshokutwa. Nilikujibu bila kuinua macho: "Papa, ile katiba inaifunga serikali, haimfungi patron wa kampuni. Tena hapa si Amerika. Tutaiangalia nikimaliza mtihani."

Jibu lilikuwa sahihi. Profesa aliniuliza swali hilohilo, akanipa alama nzuri. Wewe uliikunja barua ukaitia mfukoni, hukuitoa tena, nami sikuiulizia. Sheria ya hapa ilikuwa na njia yake. Ungeweza kwenda mahakama ya kazi, na muda ulikuwapo. Nilijua pa kutazama. Ingetosha alasiri moja tu, Papa. Moja.

Miezi iliyofuata ulivaa shati la kazi kila asubuhi ukakaa dirishani. Watu wa kanisa wakikuuliza, uliwaambia uko likizo. Kisha moyo wako ukasimama ukiwa kwenye foleni ya mkate. Daktari alisema ulikuwa umechoka tangu zamani, na Maman hataki nijilaumu. Kwa kifo chako sijilaumu. Najilaumu kwa ile miezi ya kukuona dirishani na kupita.

Siku ya maziko, Tonton Faustin, mwenzako wa zamu, alinivuta pembeni. "Kitasa ya ule mulango ilikufa tangu Pasaka," aliniambia. "Papa yako aliripoti mara mbili, nikiwa pale. Nilingoja baniite niseme." Hakuna aliyemwita. Hata mimi, mwanafunzi wa sheria, sikumwita.

Niliiandikia kampuni. Walijibu mistari miwili: faili limefungwa, mhusika amefariki.

Maman alilisoma jibu lile mara moja tu. "Alors, batamusikia hapa," akasema. Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliwaalika walinzi wenzako na watu wa kanisa, hata wale uliowaambia uko likizo. Salon yetu ilijaa, wengine wakakaa chini. Tonton Faustin alisimama akaeleza yote: kitasa, ripoti zako mbili, na jinsi ulivyoondoka siku ile bila kumtaja mtu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe!"

Kisha Maman akanitazama. Nikasimama. Nilisema mbele yao nilichokujibu jikoni, neno kwa neno. Hakuna aliyenifariji. Walinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu Maman akaenda kuleta chai.

Jumatatu naanza kazi kwa avoka, wakili mmoja wa Saint-Gilles. Nakuahidi hivi: atakayekuja na shida yake nitafunga kitabu kwanza, nimwache aseme yote, hata kama tangu neno la kwanza najua sheria haiko upande wake. Baada ya hapo nitatafuta njia nyingine pamoja naye.

Pumzika, Papa. Mungu akusikilize vizuri kuliko mimi.

Mutoto yako,
Nabintu