Machozi ya Mamba wa Hajja Nabra

Kwa kaka yangu mpendwa Bashri,

Natumai barua hii itakukuta huko Kairo na afya njema, wewe na watoto. Sisi hapa Gharb Suhail ni wazima, joto tu ndilo linatukaanga. Kwenye simu nilikwambia mambo yamekwisha salama, ukataka kisa kizima. Haya, kaa vizuri.

Unajua tangu nifiwe na mume wangu nimeishi na mama mkwe, Hajja Nabra, tukigombana asubuhi na kucheka jioni. Kabla hajafa aliwaambia majirani kwamba katika nyumba hii nitakaa mpaka nizikwe. Lakini siku ya msiba, nikiwa nalia, wifi yangu Fathiya alinipigia kelele mbele ya wanawake wote: "Nyamaza wewe! Hayo ni machozi ya mamba. Unalilia nyumba, humlilii mama yangu!" Neno likaenea kijiji kizima. Ami Shalgami, mkubwa wa ukoo wao, akasema siku ya arubaini ataamua nibaki au nifungashe. Kaka, niliumia. Hata kula mbele za watu nilishindwa.

Arubaini ikafika, uani pakajaa, sahani za wali na kondoo zikapita. Fathiya akaanza tena, paja la kondoo mkononi, mdomo umejaa nyama, machozi yakimchuruzika: "Tuondokee hapa, mamba wee!"

Nikapandwa na hasira. Nilichukua samaki, nikaenda kwenye birika la saruji alimofuga Hajja mamba wake, nikamtupia, nikawaita wote waje. Mamba akabugia, na machozi yakaanza kumtoka. Nikawakumbusha maneno ambayo Hajja aliwaambia wageni waliokuja kumtazama mamba kila siku: wasafiri wa kale walimwona mamba ukingoni, mdomo umejaa, macho yamelowa, wakaenda kwao kutangaza kwamba anajifanya kumsikitikia anayemla. Ndipo watu wakapata la kumwambia mnafiki. Kumbe mnyama wa watu hajifanyi, akila hutokwa na machozi tu.

"Haya," nikasema, "mamba hulia akila. Mimi tangu msiba nani kaniona nikila? Tazameni basi nani hapa analia na nyama mdomoni!"

Wee, kaka! Uani palilipuka kwa vicheko, bibi mmoja akajisahau akapiga kigelegele. Ami Shalgami alijifunika uso kwa kilemba, mabega yakimtikisika, kisha akasema, "Fathiya mwanangu, meza kwanza." Akatangaza kwamba nabaki, na wa kumlisha mamba ni mimi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jana adhuhuri nilipika bamia kavu alizopenda Hajja, nikakaa kula nyumbani mwangu, mshindi. Tonge la kwanza tu, machozi yakanibubujika, wala sikuacha kula. Nililia na kula mpaka bakuli likaisha. Nilimpenda mno yule mama, kaka. Ndipo nikajua kwamba wifi naye, na nyama yake mdomoni, alikuwa akimlilia mama yake kweli. Leo nimempelekea bamia. Tumekula sahani moja, tukalia wote wawili.

Wabusu watoto, waambie shangazi ana mamba wa kuwaonyesha.

Ni mimi dada yako, mwenye nyumba,
Dahiba